Maji Yaliyogeuka Maziwa: Kamera na Pwani ya Unguja

Neno pwani limezaliwa na kitenzi kupwa. Asili hiyo tunaisahau kwa sababu neno tumelizoea, lakini ukilifungua utaona kuwa wazee waliotuachia jina hilo hawakutaja mchanga, wala minazi, wala rangi ya maji. Walitaja mwendo. Pwani ni pale maji yapwapo: mahali panapozaliwa na kufutika mara mbili kwa kutwa moja. Siku za bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, hata mtu aliyeiacha alfajiri ikigonga ukuta, akirejea kabla ya adhuhuri huikuta imekwenda zake mwambani na kuacha nyuma nyasi, kaa na mashua zilizolala ubavu. Kitu cha namna hiyo hakipendi kusimamishwa. Na kamera, tangu ilipotangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, kazi yake ni kusimamisha.

Kabla yake, aliyetaka kuihifadhi pwani alikuwa na ulimi na kalamu tu. Wapenzi wa ushairi wanaijua hazina tuliyo nayo. Lakini wakiisoma kwa jicho la mpiga picha watastaajabu jinsi mandhari yenyewe ilivyo haba ndani yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliijaza bahari katika tungo zake, ila bahari yake ni safari, ni hatari, ni fumbo la mambo ya watu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyachora majumba ya Pate yaliyohamwa, na sijaona picha ya kamera ya magofu yenye kukaza moyo kama ile. Aliyachora majumba kwa sababu majumba yalikuwa na watu. Kuitazama pwani kwa ajili ya uzuri wake mtupu, kusimama kando na kuutenga mnazi na mwenye mnazi, ni tabia iliyotujia baadaye, na naona kwa sehemu kubwa ilikuja ndani ya sanduku lenye kioo.

Miongoni mwa masanduku ya mwanzo kufika katika upwa wetu ni lile la msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyetembea kwa jahazi la kivita katika bandari za Afrika ya Mashariki baina ya mwaka 1846 na 1848. Picha zilizopigwa katika safari ile zilikuwa za namna ya Daguerre, yaani bamba la shaba lililopakwa fedha, moja kwa kila tukio, lisilotoa nakala. Ili zichapwe kitabuni ilibidi mchoraji azinakili kwa mkono juu ya jiwe la chapa. Kwa hiyo Wafaransa waliofungua kitabu cha Guillain baada ya mwaka 1856 waliona pwani yetu kwa jicho la mashine lililopita tena katika mkono wa mtu. Nami, niliyetumia nusu ya umri wangu kufasiri, naitambua kazi hiyo: ni tafsiri ya tafsiri, na kila mkono uliopita umeacha chembe yake.

Mwaka 1860 walifika Unguja Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakijiandaa kwenda bara kutafuta chimbuko la Nili. Grant alikuja na kamera ya macho mawili, ile itoayo picha pacha ambazo mtu akizitazama kwa chombo chake huona kina kana kwamba anachungulia dirishani. Alipiga picha kadhaa za mji. Lakini safari ilipoanza kuelekea bara alishindwa. Kwa nini? Kwa sababu ya kazi yenyewe. Ufundi wa siku zile, uliobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ulimtaka mpiga picha atwae kioo, akimwagie dawa inatayo, akitumbukize katika maji ya fedha, akitie ndani ya kamera kingali kimajimaji, apige, kisha akimbilie gizani kukiosha kabla hakijakauka. Ulaya alikuwa na dakika kumi au zaidi. Katika joto letu dawa ilikuwa ikikimbizana na jua, na giza lenyewe lilikuwa hema dogo lililofungwa kila upande, ndani yake mtu na mvuke wa dawa. Speke ameandika kwamba joto la hema lile lingemuua mwenziwe upesi. Basi Grant akaiweka kamera kando na kushika kalamu ya kuchorea. Ni jambo la kutabasamu kwamba jua, ambalo ndilo liandikalo picha, ndilo lililomfukuza mwandishi wake.

Ufundi huo wa kioo kibichi una siri mbili ambazo kila atazamaye picha za kale za Unguja apaswa kuzijua, la sivyo atadanganyika. Ya kwanza ni kwamba haukuweza kuziona rangi zote. Ulikuwa na jicho la samawati tu. Samawati na nyeupe viliingia kwa nguvu; kijani, manjano na nyekundu viliingia kwa taabu au havikuingia kabisa. Ndiyo maana mbingu katika picha zile ni karatasi tupu. Kaskazi yetu, pamoja na mawingu yake meupe yaliyotapakaa kama pamba, haimo. Mbingu ilijaa kabla ya ardhi kuanza kuonekana, na wingu na anga vikawa kitu kimoja. Mikarafuu na miembe, iliyo kijani cha kukolea, ilitoka nyeusi kama makaa. Ndio hao wasafiri waliozitazama picha wakiwa London wakaandika juu ya misitu ya giza. Giza lile lilikuwa la dawa, halikuwa la msitu. Mjerumani Hermann Vogel ndiye aliyegundua mwaka 1873 kwamba dawa ikitiwa rangi fulani hupata macho zaidi, na hata baada ya hapo miaka mingi ilipita kabla ya kijani kuonekana kama kijani kistahilivyo, japo katika nyeupe na nyeusi.

Siri ya pili ni muda. Kioo kilihitaji sekunde kadhaa za nuru. Nyumba husubiri sekunde kadhaa, mbuyu husubiri, jahazi lililokwama katika tope husubiri. Wimbi halisubiri. Likija na kurudi mbele ya kioo kilicho wazi huandika juu ya maandishi yake lenyewe, na mwisho wake hubaki ukungu mweupe. Bahari ya Unguja katika picha nyingi za awali ni maziwa yaliyomwagwa. Ufaransa, Gustave Le Gray alijitahidi katika miaka ya 1856 na 1857 kuishinda taabu hiyo, akipiga bahari kwa kioo kimoja na mawingu kwa kingine, kisha akiviunga pamoja wakati wa kuchapa. Watu walimiminika kuzitazama picha zake wakidhani wameona dakika moja ya kweli. Hapa kwetu njia iliyo nyepesi ilikuwa kungoja maji yapwe. Ndiyo nionavyo mimi sababu ya majahazi mengi ya picha za kale kuonekana yameegemea magogo juu ya mchanga: maji yakiisha kupwa, chombo hakitikisiki. Kamera iliichukua pwani katika ile nusu yake inayotulia, na nusu nyengine ikaiachia washairi.

Aliyekaa muda mrefu zaidi kuliko wapita njia hawa ni John Kirk. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea aliyejifunza kupiga picha kabla ya kuja kwetu, na aliitumia kamera katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858. Alifika Unguja mwaka 1866 akakaa mpaka 1886, akipanda cheo hadi kuwa balozi wa Uingereza. Wapenda historia humjua kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa, na wapenda wanyama kwa kima punju, ambaye jina lake la kitaalamu limebeba la Kirk. Jicho lake lilikuwa la mtu wa mimea, linaloutazama mti kama mti. Sehemu ya hati na picha zake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Kisha wakaja wenye maduka, na hawa ndio waliotengeneza Unguja ambayo ulimwengu unaikumbuka. A. C. Gomes, Mgoa, alifungua studio mjini katika karne ya 19, na mwanawe akaiendeleza. Ndugu Coutinho, Wagoa pia, walikuwa na yao. Waliwapiga masultani, mabibi waliokodi vazi kwa saa moja, mabaharia wa manowari. Walitoka pia nje ya mlango, wakaipiga pwani, na pwani ile ikaingia katika kadi za posta, zilizokuwa na soko kubwa ulimwenguni baina ya mwaka 1900 na vita vya 1914. Mgeni aliyeteremka kutoka merikebu kwa siku moja alinunua kadi, akaandika mistari miwili, akaipeleka Bombay au Hamburg. Hatuna budi kuwashukuru watu hawa wa Goa. Hawakuwa wenyeji wa asili wala hawakuwa watawala, na pengine hiyo ndiyo sababu macho yao yaliona vitu ambavyo mwenyeji huviona vya kila siku na mtawala huviona vya kupita.

Lakini tazama walichokiuza kwa jina la uzuri wa asili. Kadi mashuhuri ni za njia iliyonyooka baina ya safu mbili za minazi, au shamba la mikarafuu lenye kivuli. Mkarafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Ulikuja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kila palipofaa. Aliyechimba shimo, aliyebeba maji, aliyepalilia na kuchuma alikuwa mtumwa, aghalabu aliyetolewa bara, na utumwa hapa haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Safu iliyonyooka hainyooki wenyewe. Zaidi ya hayo, kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba takriban salama. Kwa hiyo ile "mikarafuu ya kale" ya kadi za Unguja mara nyingi ni miti ya umri wa kijana, iliyopandwa upya juu ya maanguko. Sisemi kuwa picha ni za uongo. Nasema kuwa neno asili limeandikwa juu ya jasho, na kamera haikuwa na namna ya kulionesha jasho lililokauka miaka thelathini kabla ya kioo kufunguliwa.

Picha nyingi kati ya hizi hazina tarehe, na hapa ndipo raha ya kuzichunguza inapoanza. Mji hutoa ushahidi wake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na mnara wa taa na saa uliosimama peke yake mbele yake. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na baada ya hapo mnara ukajengwa juu ya jumba lenyewe. Ukiona mnara uko mbali na jumba, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiona milingoti mitatu imechomoza majini pasipo merikebu chini yake, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultan iliyozamishwa siku ile ile, na milingoti ilibaki ikionekana hadi mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912. Jumba hilo la ajabu nalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na picha za kale zimepata kazi mpya ambayo Gomes hakuitarajia.

Hizo ni alama za mji. Za bahari zinajulikana na wachache. Niliwahi kuchukua nakala ya picha moja ya bandari nikampelekea mzee wa Malindi aliyesafiri na majahazi tangu utoto. Mimi nilikuwa nimeshughulika na majumba. Yeye hakuyatazama hata kidogo. "Kaskazi hiyo, mwanangu," alisema, na aliponiona sijafahamu akanionesha kwa ukucha: vyombo vyote vilivyotia nanga vimeelekeza omo upande mmoja, upepo unatoka huko, na vile vyenye tezi za kuchongwa ni vya Waarabu na Wahindi, navyo havikuwa vikikaa hapa isipokuwa kwa msimu, vikija na kaskazi na kurudi na kusi. Kwa hiyo picha niliyoiona haina wakati ilikuwa na msimu wake, umeandikwa waziwazi kwa lugha ambayo sikufunzwa na kitabu chochote.

Mzee yule alinionesha na mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja, wenye tanga la mraba la mkeka, na omo iliyonyooshwa kama shingo. Ulikuwa chombo cha upande wa Lamu na visiwa vyake, ukibeba boriti za mikoko, na ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe mpya katika makumbusho ya Beit al-Ajaib, hakukuwa na fundi aliye hai aliyewahi kuishi kwa kazi hiyo. Ilibidi kutegemea mifano midogo, maandishi na picha. Mpiga picha aliyeupiga huenda aliuona kama pambo la mandhari tu, kitu cha kuvunja upweke wa maji. Wanaoupenda sasa wanahesabu mishono.

Pana pwani iliyotoweka kuliko hata mtepe. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilikuwa vimetengwa na hori lililojaa na kupwa pamoja na bahari. Siku za bamvua maji yalizunguka hata mji ukakaribia kuwa kisiwa. Hori lile lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na juu yake sasa pana barabara, soko na kituo cha magari. Jina limebaki: Darajani, palipokuwa na daraja. Katika picha za kale mashua zimesimama ndani ya hori, nyuma yake vibanda vya makuti vya Ng'ambo vimejiinamia juu ya maji, na kivuli chao kimetulia kwa sababu hapakuwa na mawimbi ya kukivuruga. Hii ndiyo picha ya uzuri wa asili ninayoipenda kuliko zote, na haina mnazi ulionyooka hata mmoja.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na baadaye mwanawe Rohit akairithi. Filamu wakati huo ilikuwa nyepesi na yenye kasi. Wimbi likaweza kunaswa, wingu likarudi mbinguni. Lakini kitu kimoja kinachowashangaza vijana wakizipitia picha za tangu Gomes hadi Oza ni uchache wa fukwe za mashariki. Paje, Jambiani, Bwejuu, zilizo leo uso wa Unguja katika kila tangazo, hazikuwa uso wa chochote. Bandari ilikuwa uso, pamoja na mashamba na majumba. Mchanga mweupe ulikuwa mahali pa kuanikia nyavu, kufukia makumbi yaoze na kuvuka kwenda chaza. Uzuri wake uligunduliwa na utalii, ulioshika kasi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2023 wageni walipindukia 600,000. Kila mmoja ana kamera mfukoni.

Wakati fukwe zilipokuwa zikigeuka mandhari, zilikuwa pia zikigeuka mashamba. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi hiyo inafuata bamvua: maji yanapopwa sana ndipo mtu anapoweza kuzifikia kamba na vijiti vyake, akafunga mbegu na kuvuna. Saa hiyo hiyo ndiyo ambayo mgeni aliyeahidiwa bahari ya samawati hulalamika kuwa bahari imeondoka. Huteremka na kamera, na anachokikuta ni wanawake wameinama hadi magotini majini, kanga zinang'aa juu ya kioo cha maji haba. Picha hupatikana, na ni nzuri kweli. Wengine kati ya wanawake hao huinua mkono kujikinga uso. Mgeni hudhani anasalimiwa. Na joto la maji limeongezeka, hata ile aina ya mwani yenye bei nzuri imekufa katika maeneo mengi ya kina kifupi, jambo ambalo haliwezi kuonekana katika picha kwa sababu mwani usiokuwapo hauna rangi.

Naijua hoja kwamba matangazo huleta riziki, na siipuuzi. Kinachonitia shaka ni ile picha moja inayorudiwa kila mahali: mchanga, mnazi ulioinamia maji, hakuna mtu. Ili kuipata, mpiga picha hungoja mvuvi apite. Kisha huja mwenye uzio, aliyeipenda picha, naye anataka mvuvi asipite kabisa.

Picha za kale zenyewe nyingi ziko mbali. Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zipatazo 7,500 za Afrika ya Mashariki za tangu mwaka 1860 hadi 1960, uko katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani tangu mwaka 2002, na umewekwa katika kompyuta kwa wote. Zetu zilizopo zimo katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nimekaa usiku mwingi nikizipitia za Marekani, na kinachonichosha ni vichwa vyake vya maneno: "mandhari ya pwani", "wenyeji na mashua", "njia ya minazi". Mara nyingi mtaa haukutajwa, wala aina ya chombo. Wazee wanaoweza kusema ile ni bedeni na lile ni dau, na kwamba ule mwamba ni wa Mtoni si wa Chukwani, wamebaki wachache, na mzee wangu wa Malindi hayumo tena miongoni mwao. Nakala ile ninayo. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya risasi: kaskazi, maji yanajaa, mtepe mmoja, wa tatu kutoka kushoto.